Mtandio usioniongezea mwili

Shingo yangu ni fupi, mabega yangu mapana na kifua changu kikubwa. Ni umbo la upande wa baba. Shangazi zangu wote wanalo, na binti yangu naye ameanza kulichukua. Nalipenda. Ila kazi yangu ni cherehani, hapa Ngamiani, Tanga, na kila siku mbele ya kioo changu wanasimama wanawake wenye umbo kama hili, wamejifunga mitandio inayowafanya waonekane wazito kuliko walivyo, halafu wanailaumu miili yao. "Mimi mtandio haunikai," wanasema. Mtandio unamkaa kila mtu. Leo nataka kueleza kwa kirefu namna ya kuuchagua na kuufunga, maana swali hili naulizwa sana na jibu lake haliwezi kuisha wakati nafunga uzi wa mtu mwingine.

Pa kuangalia kwanza ni ile nafasi kati ya kidevu na mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo. Mwenye shingo ndefu akikusanya kitambaa hapo, kinapata pa kukaa. Kwetu sisi nafasi hiyo ni ya vidole viwili, vitatu. Kitambaa kikishaijaza, shingo inapotea, kichwa kinaonekana kimekaa juu ya mabega, na kile kilichozidi kinamwagikia kifuani na kukisukuma mbele. Ukijitazama kwa ubavuni utaona mstari mmoja tu kutoka kidevuni hadi kifuani. Hapo ndipo tunapoongezeka mwili, wala si kiunoni wala nyongani ambako tunahangaika na gauni za kubana.

Jipime hivi. Simama mbele ya kioo ukiwa umejifunga kama kawaida yako ya kwenda sokoni au kazini. Bana kwa vidole viwili kitambaa chote kilichoko chini ya kidevu, tabaka zote kwa pamoja, kisha zihesabu. Utashangaa. Aliyekunja mtandio mara mbili kabla ya kuuweka kichwani, akauzungusha mara mbili, tayari ana tabaka nne, na bado hujahesabu fundo la nywele wala ukosi wa gauni. Lengo langu ni zibaki tabaka moja chini ya kidevu, mbili kama kitambaa ni chepesi kweli, na kifua kiwe kimesitirika vilevile kama mtu alivyotaka. Sitiri siipunguzi. Napunguza kitambaa kisicho na kazi.

Tuanzie dukani. Watu wengi huanza na rangi. Mimi naanza na mkono. Namwomba muuzaji anifungulie mtandio wote, maana uliokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni hauniambii kitu. Nakusanya upana wote kwenye kiganja kimoja na kufunga ngumi. Vidole vikigusa kiganja, mtandio huo unaweza kupita shingoni. Visipogusa, ni wa kujitanda mabegani tu, hata uwe na nakshi za kutoa machozi. Kisha naushika kwa katikati na kuuacha uning'inie. Ukianguka wima, ncha zikalala karibu karibu, nauchukua. Ukitanuka kama mwavuli, naurudisha.

Hilo la pili ndilo wengi hawalijui. Wepesi peke yake hautoshi. Oganza ni nyepesi mno, lakini ni ngumu, inasimama. Ukiizungusha shingoni inajenga nyumba. Lesi ngumu vilevile. Kwa upande mwingine kuna viskosi, kitambaa laini cha nyuzi zinazotokana na miti: zilizo nzuri ni nzito kuliko oganza lakini zinateremka mwilini zikatulia. Tunatafuta vyote viwili, wepesi na ulegevu.

Shifoni nyingi zina kati ya gramu 50 na 80 kwa mita ya mraba. Kitambaa cha jezi kinachouzwa kwa mitandio mara nyingi kinapita gramu 150. Chukua mtandio wa sentimita 180 kwa 70: wa shifoni ya gramu 60 utakuwa na gramu 76 hivi, na wa jezi ya gramu 170 utapita gramu 210. Karibu mara tatu, kwa urefu na upana uleule. Jezi siikatai, naipenda kwa sababu inavutika na haihitaji pini nyingi, na mama anayenyonyesha au mwenye watoto wa kuvutavuta anafaidika nayo sana. Lakini jezi ni ya kupita chini ya kidevu mara moja tu. Ukiizungusha mara ya pili umeshajimaliza.

Halafu kuna joto, na mtu wa Tanga siwezi kuliruka. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inavuma na bado hewa imejaa unyevu. Poliesta hainyonyi maji: katika vipimo vya kawaida vya maabara inabeba unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake, wakati pamba inabeba kama asilimia 8, hariri kama 11 na viskosi kama 13. Maana yake kwetu ni hii. Shifoni ya poliesta unaifunga vizuri asubuhi, ikifika saa sita jasho limetulia shingoni, kitambaa kimeganda kwenye ngozi, unaanza kukivuta mbele ili upate hewa, na kila ukivuta unaongeza mkunjo. Hadi alasiri umebeba kifurushi kidevuni ambacho asubuhi hakikuwepo. Viskosi au pamba nyembamba inalinyonya lile jasho na inabaki pale ulipoiweka. Kwa hiyo shifoni naiacha kwa harusi za usiku na ofisi zenye kiyoyozi, na mchana wa kazi navaa viskosi au voili, kile kitambaa chepesi cha pamba.

Ukinunua bila lebo, au lebo huiamini, chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio na uziwashe juu ya sahani, mbali na mtoto na pazia. Pamba na viskosi zinawaka haraka, zinanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri inanuka nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kipunje kigumu cheusi. Nimewaonesha wasichana wanaojifunza kwangu, na sasa hawadanganyiki na neno "hariri" lililoandikwa kwa herufi za dhahabu.

Vivyo hivyo na "pashmina". Pashmina ya kweli ni sufu laini sana ya mbuzi wa milimani huko Ladakh na Kashmir, unyuzi wake mmoja una unene wa mikroni 12 hadi 16 hivi, yaani elfu za milimita, na bei yake si ya kuning'inizwa barabarani. Zile zinazouzwa kwetu kwa bei ya kilo mbili tatu za sukari kwa kawaida ni viskosi au akriliki. Si kitambaa kibaya, ila mara nyingi ni pana, nzito, na zina matamvua. Matamvua kifuani yanaongeza ujazo pale pale tusipotaka, na macho ya anayekutazama yanakwenda huko. Nikiuziwa moja ninayoipenda rangi, nakata matamvua na kupiga pindo jembamba. Inabadilika kabisa.

Pindo nalo lina neno lake. Mtandio ulioshonwa ukingoni kwa mshono mpana wa nyuzi nene ni kama una waya mzunguko mzima. Hauanguki vizuri, na ukipita chini ya kidevu unaacha ukuta. Tafuta ukingo uliokunjwa mwembamba kabisa, ule wa kuviringishwa. Kwenye mitumba wakati mwingine unakutana na vitambaa vya mraba vya sentimita 90 kwa 90, vya hariri, vilivyokunjwa ukingo kwa mkono. Ukiona kimoja usikiache. Kwa ushungi wa kusitiri kifua havitoshi, lakini kwa mwenye kuvaa shingoni tu na gauni la ofisi, sijaona kitu kinachokaa kwa utulivu kama hicho.

Sasa vipimo. Hapa nina jambo ambalo ningependa kila mwanamke mwenye mwili wangu alishike: upana ndio unaofunika kifua, urefu ndio unaojaza shingo. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunanunua mtandio wa mita mbili, tunaukunja upana mara mbili kwa sababu "ni mkubwa", halafu tunajikuta kifua hakijafunikwa, basi tunauzungusha na kuuzungusha mpaka urefu uishe. Upana tumeutupa na urefu umetunenepesha. Kwa mtu wa kimo cha kati mwenye kifua kikubwa, sentimita 170 hadi 180 za urefu zinatosha, na upana uwe 75 au 80. Mfupi zaidi anaweza kushuka hadi 160. Mtandio wa mita mbili na zaidi mimi naukata kabla sijauvaa.

Alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Chumbageni, mjukuu wake anaoa Pangani. Aliitikia shikamoo yangu vizuri, akaketi, akatoa kwenye mkoba mtandio wa satini, mpana, mrefu, wa kung'aa.

"Mwanangu, dukani wameniambia kwa mwili wangu huu nichukue mkubwa, ufiche."

"Ufiche nini, mama?"

"Si huu mwili."

Iliniuma. Neno hilo nalisikia mara kwa mara na kila mara linaniuma upya. Mwanamke amezaa, amelea, amefika kuoza wajukuu, halafu mtu nyuma ya meza ya duka anamwambia ajifiche, na juu ya hilo anamuuzia kitu kitakachofanya kazi kinyume. Satini inarudisha mwanga. Kila mkunjo unang'aa, na pale palipoinuka panaonekana pameinuka zaidi. Kuifunga mikunjo mingi juu ya kifua kikubwa ni kukiwekea taa. Nilimwambia, "Mama, wewe huna cha kuficha, una cha kupendeza. Hii satini tuifanye kazi nyingine." Tukaikata ukanda mwembamba ukawa mkanda wa gauni la mjukuu wake wa kike, na yeye nikamfunga krepu isiyong'aa, rangi ya zambarau iliyoiva, karibu sawa na gauni lake. Nilimfunga tabaka moja chini ya kidevu. Alijigeuza mbele ya kioo mara kadhaa. Akaniuliza kama nimemvuta shingo.

Nilivyomfunga ndivyo ninavyojifunga mwenyewe siku nyingi, kwa hiyo nieleze hatua kwa hatua. Anza na kikofia cha ndani cha pamba, kisichobana. Kazi yake ni kuzuia mtandio usiteleze, ili usilazimike kuukaza kidevuni. Weka mtandio kichwani bila kuukunja, upande mmoja uwe mfupi na mwingine mrefu. Mfupi, tuseme wa kulia, uishie usawa wa kwapa. Usipite hapo, maana utakuwa tabaka ya ziada isiyo na kazi. Ukingo wa mbele ulale kwenye paji la uso, na upana wote uliobaki uanguke nyuma mgongoni. Chukua sasa upande mrefu wa kushoto kwa kushika ule ukingo wa mbele tu. Upitishe chini ya kidevu, mara moja, uende bega la kulia. Usiukusanye. Uache upana uteremke wenyewe mbele ya kifua.

Pini inakwenda nyuma kidogo ya mshono wa bega la gauni. Ikiwa juu ya bega kabisa, bega linapanda. Ikiwa mbele, kitambaa kinakusanyika kwenye mtulinga na tumerudi tulikotoka. Sehemu inayopita begani itandaze kwa kiganja mpaka ilale, ukingo wa juu karibu na shingo, wa chini ukielekea mkononi. Ncha iliyobaki iangukie mgongoni. Kifua chote kimefunikwa kwa upana, na umepata mstari wa mshazari unaotoka sikio la kushoto kwenda bega la kulia na kuteremka. Mstari huo unakata upana wa kifua. Jicho linaufuata linashuka nao.

Usiukaze. Kitambaa kilichokazwa chini ya kidevu kinasukuma mashavu mbele na kutengeneza kidevu cha pili ambacho Mungu hakukupa. Ingiza kidole kimoja kati ya kitambaa na koo. Kikiingia kwa raha, ndiyo kiasi. Juu utosini pia acha nafasi ndogo, uinue kitambaa kwa ncha za vidole baada ya kumaliza. Uso wa duara unapata urefu kidogo kwa hilo peke yake, na ni jambo la sekunde moja.

Kuna wanaopenda mtandio wa mraba, hasa wasichana. Mraba wa sentimita 110 ukiukunja pembe kwa pembe unapata pembe tatu yenye urefu wa sentimita 155 hivi, ambayo ni kipimo kizuri. Shida ni kwamba sasa kila mahali ni tabaka mbili, na ncha zikikutana chini ya kidevu zinakuwa nne. Dawa yake ni mkasi. Ukate kwa hanamu, pembe hadi pembe, upate pembe tatu mbili, yako na ya dada yako. Chini ya kidevu zinabaki tabaka mbili. Uangalifu mmoja tu: ukingo uliokatwa hanamu unavutika, kwa hiyo unapopiga pindo usiuvute kwa mkono, uache cherehani iulishe yenyewe, la sivyo ukingo utakuwa na mawimbi. Shifoni ikikusumbua kwenye mkasi, ilaze juu ya karatasi na ukate vyote viwili pamoja.

Pini zinahitaji tahadhari. Tafadhali usizishike kwa meno wakati unajifunga. Madaktari katika nchi nyingi wameandika juu ya wasichana waliovuta pini ya ushungi ikaingia njia ya hewa hadi mapafuni, kwa sababu tu walicheka au walimwitikia mtu pini ikiwa mdomoni. Weka kikombe kidogo mezani, au zichome kwenye kifuko cha sindano. Pini za sumaku ni nzuri kwa shifoni kwa kuwa hazitoboi, ila mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiziweke karibu na kifua.

Nirudi kwa kanga, kwa sababu bibi yangu wa Pangani hakuwahi kumiliki mtandio wa dukani na hakuna aliyejitanda vizuri kumshinda. Kanga moja ina sentimita 150 hivi kwa 110. Angalia vipimo hivyo: upana mkubwa, urefu wa wastani. Ukiiweka kichwani katikati, kila upande unabaki na sentimita 75. Upande mmoja unateremka, mwingine unatupwa begani, basi. Chini ya kidevu inapita mara moja. Kifua, mabega na mgongo vimesitirika kwa ule upana. Wala hakuna pini. Wazee wetu walikuwa na miili kama hii yetu na walitembea wamenyooka, shingo inaonekana.

Kosa linalofanyika na kanga siku hizi ni kuivaa mpya, ikiwa na uwanga. Kanga yenye uwanga inasimama. Ifue mara mbili tatu, ianike kivulini, ipige pasi, ndipo uijitande. Na michoro: kanga yenye mji wa maua makubwa ya duara, pale duara linapokaa juu ya ziwa linalikuza. Kwa kichwani na kifuani mimi huchagua yenye mji wa madoa madogo au mistari, na ile ya maua makubwa naifunga kiunoni. Doti ni ileile, unachagua tu ipi ikae juu. Pindo lile jeusi au jekundu ukiliweka usoni linauchonga uso vizuri. Likikuzidi nguvu, likunje ndani kidogo.

Kwa jirani zangu wasiovaa ushungi, wanaokuja na kitenge cha kwaya au cha harusi wakitaka kilemba, neno langu ni fupi zaidi kwa sababu kilemba ni rafiki wa shingo fupi. Kinaiacha shingo wazi na kinakupa kimo. Kinachoharibu ni kutumia kitenge chote. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi. Ukikikunja mara nne ili kikae kichwani unatengeneza gurudumu. Kata ukanda wa upana wa sentimita 50 au 55 na urefu wa 170. Fundo likae juu ya paji, pembeni kidogo, au juu ya utosi. Fundo kubwa kisogoni linakula shingo kwa nyuma, na picha za harusi hupigwa kutoka pande zote.

Kisogo kinanikumbusha nywele. Wenye nywele nyingi au rasta, tafadhali msifunge fundo la chini kabisa karibu na kola. Mtandio unalala juu ya fundo hilo, unatoka nje, halafu unateremka mbali na mgongo, na umeongeza mwili kwa nyuma bila kujua. Ligawe fundo mara mbili likae bapa, au lipandishe usawa wa masikio. Si juu zaidi ya hapo.

Na gauni lililo chini. Mtandio mzuri kabisa hauwezi kupigana na ukosi wa shati, rinda la shingoni, vifungo vikubwa na nakshi ya shanga kifuani. Kila kimoja ni tabaka. Ninaposhona gauni la mteja ninayejua anavaa ushungi, naweka shingo ya duara ya kawaida, bapa, bila ukosi, na nakshi nazipeleka mikononi na chini kwenye pindo ambako zitaonekana. Pesa yake inatumika mahali panapoonekana. Baibui vilevile: yenye mawe kifuani ni nzuri kwenye sanamu ya dukani, kisha unaifunika na mtandio mwaka mzima, na mawe yanauinua mtandio.

Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mtandio unaokaribiana rangi na gauni unatengeneza mstari mmoja mrefu kutoka kichwani hadi miguuni. Ukitaka rangi tofauti, nami nazipenda rangi, tazama ukingo wa chini wa mtandio unaishia wapi. Ukiishia pale kifua kilipo kipana zaidi, umechora mstari wa kukata hapo hapo, kila mtu ataupima. Uteremshe chini ya kifua vidole vinne, au uupandishe. Rangi nyeusi si lazima. Nina wateja weusi wa kupendeza wanaong'arishwa na rangi ya haradali na ya machungwa, na nimeona watu wakiwazuia kwa ule ule unyanyapaa wa "mnene avae nyeusi". Kinachonenepesha ni mng'ao na mikunjo. Manjano isiyong'aa, tabaka moja, inakaa vizuri kuliko nyeusi ya satini iliyozungushwa mara tatu.

Kufua na kupiga pasi navyo ni sehemu ya umbo. Mtandio uliokunjamana unachukua nafasi kubwa kuliko ulionyooshwa, jaribu tena ile ngumi kabla na baada ya pasi utaona. Viskosi ikilowa inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo usiikamue kwa kuisokota. Ibane ndani ya taulo, ianike kivulini, uipige pasi ikiwa bado na unyevu kidogo. Shifoni ya poliesta inataka pasi ya moto mdogo sana.

Na kama kabatini una mitandio mikubwa uliyonunua ukiambiwa ufiche, usiitupe na usikimbilie kununua mingine. Ipitishe mmoja mmoja kwenye ngumi. Iliyofaulu ipime urefu, uikate ifike sentimita 175, upige pindo jembamba. Fundi yeyote wa mtaani kwako atakufanyia wakati unasubiri. Kipande kinachobaki cha mtandio wa pamba kinatoa kikofia cha ndani cha rangi ileile, na kinachobaki kwenye mtandio wa mita mbili na nusu kinatosha ushungi wa mtoto wa madrasa.